Maswali ya uwiano wa moja kwa moja: tafuta k, ipe jina, ndipo ukokotoe

Kalamu 3 ni shilingi 900, je, kalamu 7 ni shilingi ngapi? Kila aliyemaliza darasa la saba analijua swali hili. Unatafuta bei ya kalamu moja, 300, unazidisha kwa 7, unapata 2,100, umemaliza. Ajabu ni kwamba mtoto huyohuyo akifika kidato cha tatu akakutana na swali lilelile limevaa herufi, y huku na x kule na alama ya ∝ katikati, anashika kichwa. Nafundisha tuisheni hapa Moshi, na kwa ninavyoona tatizo haliko kwenye kuzidisha. Kuzidisha wanajua. Wanakwama mahali pawili: hawajui ni lini wana haki ya kuzidisha, na hawajui ile k wanayoambiwa waitafute ni kitu gani hasa.

Basi mwongozo huu utakaa sana kwenye hayo mawili. Hesabu zenyewe ni fupi.

Maana yake kwanza

Vitu viwili vinawiana moja kwa moja iwapo ukigawanya kimoja kwa kingine unapata namba ileile kila mara, uchukue kipimo kikubwa au kidogo. Namba hiyo isiyobadilika ndiyo k, yaani konstanti ya uwiano. Kwa herufi:

y ÷ x = k, kwa hiyo y = kx

Ukiona y ∝ x, soma "y inawiana moja kwa moja na x". Alama hiyo ya ∝, ambayo ilianza kutumika kwenye maandishi ya Mwingereza William Emerson mwaka 1768, haikokotoleki. Huwezi kuihamisha wala kuigawanya. Kazi yako ya mwanzo kabisa ni kuifuta na kuweka "= k" mahali pake. Mwanafunzi anayebaki na ∝ hadi mstari wa nne wa kazi yake hajaanza kukokotoa bado.

Hatua ya kwanza: hakikisha uwiano upo

Hapa ndipo maksi nyingi zinapokwenda na maji. Mtu akiona vitu viwili vinaongezeka pamoja, basi, ameshazidisha. Lakini kuongezeka pamoja hakutoshi. Umri wa mtoto na kimo chake vinaongezeka pamoja. Mtoto wa miaka 2 mwenye sentimeta 86 hatakuwa na sentimeta 860 akifika miaka 20.

Jiulize maswali mawili. La kwanza: x ikiwa sifuri, je, y nayo ni sifuri? La pili: nikigawanya y kwa x kwenye kila jozi ya namba niliyopewa, napata jibu lilelile? Jibu likiwa hapana kwenye lolote kati ya hayo, huo si uwiano wa moja kwa moja.

Chukua duka la mtaani. Tuseme sukari kilo moja inauzwa 2,800, nusu kilo 1,400, na robo 750. Gawanya bei kwa kilo:

2,800 ÷ 1 = 2,800
1,400 ÷ 0.5 = 2,800
750 ÷ 0.25 = 3,000

Kilo na nusu zinakubaliana, robo imekataa. Mwenye duka amejiongezea shilingi 50 kwa sababu ya usumbufu wa kupima na kufunga, au kwa sababu hana chenji ya 700, anajua mwenyewe. Kwetu sisi maana yake ni moja: kwenye duka hilo bei haiwiani moja kwa moja na uzito mpaka utoke kwenye robo. Anayenunua kwa robo nne analipa 3,000 kwa sukari ambayo jirani yake ameipata kwa 2,800.

Umeme wa LUKU nao unafundisha vizuri. Ununuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa kodi ya jengo kabla hujapata uniti hata moja. Nachagua namba rahisi ili zigawanyike vizuri: tuseme makato ni 1,500 na uniti moja ni 350. Ukinunua kwa 5,000 zinabaki 3,500, unapata uniti 10. Ukinunua kwa 12,000 zinabaki 10,500, unapata uniti 30. Sasa gawanya pesa uliyotoa kwa uniti ulizopata: 5,000 ÷ 10 ni 500, na 12,000 ÷ 30 ni 400. Hazilingani, kwa hiyo hakuna uwiano wa moja kwa moja kati ya pesa uliyotoa na uniti. Lakini pesa iliyobaki baada ya makato inawiana nazo: 3,500 ÷ 10 ni 350, na 10,500 ÷ 30 ni 350. Kumbuka ujanja huo wa kutoa kwanza kile kilichowekwa pembeni. Tutauhitaji tena mbele.

Kwenye mtihani, mara nyingi swali lenyewe litakuambia wazi kwamba kitu fulani kinawiana moja kwa moja na kingine. Hapo umepewa ruhusa, huna haja ya kuhakiki. Ila ukipewa jedwali la namba ukaulizwa kama kuna uwiano, gawanya jozi zote. Jozi mbili za mwanzo kukubaliana hakukupi ruhusa ya kuiruka ya tatu.

Hatua ya pili hadi ya tano, kwa kahawa

Sasa tufanye swali zima. Mkulima wa Uru amepeleka kahawa mbivu kilo 30 kwenye mashine ya kumenya. Baada ya kumenywa, kuchachushwa, kuoshwa na kuanikwa juani, amepata kahawa kavu kilo 6, ikiwa bado ndani ya ganda lake jepesi. Uzito wa kahawa kavu unawiana moja kwa moja na uzito wa kahawa mbivu. Je, (a) kilo 47.5 za mbivu zitatoa kilo ngapi kavu? (b) Anahitaji kuchuma kilo ngapi ili ajaze gunia la kilo 60 za kavu?

Hatua ya pili ni kuzipa herufi kazi, na kuandika kazi hiyo kwenye karatasi:

m = kilo za kahawa mbivu
c = kilo za kahawa kavu

Usiruke mistari hii miwili eti ni kupoteza muda. Nusu ya wanaokosea (b) wanakosea kwa sababu wameingiza 60 mahali pa m. Wangekuwa wameandika herufi ipi ni ipi, wasingekosea.

Hatua ya tatu ni kuandika mlinganyo:

c ∝ m
c = km

Hatua ya nne ni kutafuta k kwa jozi moja inayojulikana kamili. Tunajua m = 30 ikiwa pamoja na c = 6:

6 = k × 30
k = 6 ÷ 30 = 1/5

Hapa simama. Usikimbilie (a) kwanza. Ipe k jina kwa maneno ya kawaida: kilo moja ya kahawa mbivu inatoa moja ya tano ya kilo kavu, yaani gramu 200. Ina maana? Ina maana, maji, ganda la nje na utelezi vyote vimeondoka. Ungekosea ukagawanya kinyume ungepata k = 5, ambayo ingesema kilo moja mbivu inatoa kilo tano kavu. Kahawa inayoongezeka uzito ikikaushwa! Hata bibi ambaye hajawahi kushika kitabu cha aljebra angekuambia hapo pana uongo. Faida ya kuipa k jina ni hiyo: kosa linajionyesha lenyewe kabla halijafika kwenye jibu.

Baada ya kupata k, andika upya mlinganyo wako ukiwa kamili:

c = m/5

Hatua ya tano ni kuutumia. Kwa (a), m = 47.5:

c = 47.5 ÷ 5 = 9.5, yaani kilo 9.5 za kahawa kavu.

Kwa (b), c = 60:

60 = m/5
m = 60 × 5 = 300, yaani kilo 300 za kahawa mbivu.

Malizia kwa kuhakiki kwa macho. Tangu 30 hadi 300 mbivu imeongezeka mara kumi. Tangu 6 hadi 60 kavu nayo imeongezeka mara kumi. Sawa.

Swali lililoandikwa kwa herufi tupu halina tofauti yoyote. "y inawiana moja kwa moja na x; y = 18 wakati x = 4. Tafuta y wakati x = 10, na x wakati y = 63." Basi y = kx, 18 = 4k, k = 4.5, mlinganyo ni y = 4.5x. Kwa x = 10, y = 45. Kwa y = 63, x = 63 ÷ 4.5 = 14. Mistari sita, umemaliza. Kama desimali zinakusumbua, acha k iwe 9/2 na ufanye kazi kwa sehemu. 63 × 2/9 ni rahisi kuliko 63 ÷ 4.5.

Wengine wamefundishwa njia ya mkato, y₁/x₁ = y₂/x₂, halafu kuzidisha kwa mshazari. Ni sahihi, na ni ya haraka ukiulizwa jibu moja tu. Mimi siwaanzishi wanafunzi na hiyo, kwa sababu k inapita humo ndani bila kuonekana, na swali likikuambia "andika mlinganyo unaounganisha y na x" unabaki unaangalia dari. Jifunze njia ya k kwanza. Ya mkato itumie kuhakiki.

Springi na mlima: pale unapotakiwa kutoa kwanza

Mizani ya springi, ile ya kuning'iniza yenye ndoano chini, hufanya kazi kwa kanuni aliyoichapisha Robert Hooke mwaka 1678: kadiri uzito unavyoongezeka, springi nayo hurefuka kwa uwiano wa moja kwa moja, almradi usiivute kupita uwezo wake. Ikishavutwa kupita kiasi hairudi, na mlinganyo wako umekufa pamoja nayo.

Swali lake la kawaida linakuja hivi. Springi isiyo na mzigo ina urefu wa sentimeta 10. Ukitundika kilo 4 urefu unakuwa sentimeta 12.4. Ukitundika kilo 7 urefu utakuwa ngapi?

Mwenye haraka atafanya 12.4 ÷ 4 = 3.1, kisha 3.1 × 7 = 21.7. Limekaa vizuri, lina desimali moja, linafanana kabisa na jibu. Si jibu. Rudi kwenye swali la kwanza la hatua ya kwanza: uzito ukiwa sifuri, urefu ni sifuri? Hapana, ni 10. Kwa hiyo urefu hauwiani moja kwa moja na uzito. Kinachowiana ni mrefuko, yaani sentimeta zilizoongezeka.

Mrefuko kwa kilo 4: 12.4 − 10 = 2.4
r = ku (r ni mrefuko, u ni uzito), kwa hiyo 2.4 = 4k, k = 0.6

Jina la k: kila kilo inairefusha springi sentimeta 0.6. Kwa kilo 7:

r = 0.6 × 7 = 4.2
Urefu mzima = 10 + 4.2 = 14.2, yaani sentimeta 14.2.

Tofauti ya 21.7 na 14.2 si ya kukosea nukta. Ni ya kutosoma neno moja kwenye swali.

Kitu kilekile kiko kwenye Mlima Kilimanjaro tunaouona kila asubuhi mawingu yakiruhusu. Kwa wastani wa angahewa, joto hushuka nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Joto lenyewe haliwiani na mwinuko, linapungua. Lakini mshuko wa joto unawiana moja kwa moja na mita ulizopanda: s = 0.0065 × h.

Vibanda vya njia ya Marangu vimepangika kana kwamba vimewekwa kwa ajili ya somo hili. Mandara iko kama mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, Horombo kama 3,700, na Kibo kama 4,700. Kila kimoja kimepishana na mwenzake karibu mita 1,000. Tuseme mchana Mandara ni nyuzi 15. Horombo tarajia 15 − 6.5 = 8.5, na Kibo 15 − 13 = 2. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, yaani karibu mita 3,200 juu ya Mandara:

s = 0.0065 × 3,200 = 20.8
Joto = 15 − 20.8 = −5.8

Hapo ni mchana, kwa wastani, bila upepo. Wapandaji hufika kileleni alfajiri, kwa hiyo mgeni akikuuliza abebe nini, usimpe mlinganyo tu, mpe na koti.

Kipeo cha pili: breki za barabara ya Arusha

Si kila uwiano ni wa x tupu. Mara nyingine y inawiana moja kwa moja na kipeo cha pili cha x, na mlinganyo unakuwa y = kx². Hatua hazibadiliki hata moja. Kinachobadilika ni kwamba ukiongeza x mara mbili, y inaongezeka mara nne, na akili ya kawaida haiko tayari kwa hilo.

Mfano unaonigusa ni umbali ambao gari linakwenda baada ya dereva kukanyaga breki, kwa sababu wanafunzi wangu wengi hupita barabara ya Moshi hadi Arusha. Umbali huo, kwenye lami ileile na tairi zilezile, unawiana moja kwa moja na kipeo cha pili cha mwendo. Maeneo ya makazi kikomo ni kilometa 50 kwa saa. Nje ya hapo basi linaruhusiwa hadi 80. Tuseme gari fulani likiwa kwenye 50 linasimama ndani ya mita 15 tangu breki zishike. Kwenye 80 litahitaji mita ngapi?

d = kv²
15 = k × 50² = 2,500k
k = 15 ÷ 2,500 = 0.006

d = 0.006 × 80² = 0.006 × 6,400 = 38.4

Mita 38.4. Mwendo umeongezeka kwa 30 tu, umbali umezidi mara mbili na nusu. Aliyesahau kipeo cha pili angesema 15 ÷ 50 × 80 = mita 24, na mtu aliyesimama kwenye kivuko mita 30 mbele angekuwa salama kwenye karatasi yake peke yake.

Swali likigeuzwa: polisi wamepima alama za breki mita 21.6, gari lilikuwa kwenye mwendo gani?

21.6 = 0.006v²
v² = 21.6 ÷ 0.006 = 3,600
v = 60

Kilometa 60 kwa saa. Angalia mstari wa pili: hapo hujapata v, umepata v². Wanaoandika "v = 3,600" na kuendelea na maisha ni wengi, na hakuna gari la namna hiyo hapa duniani. Tafuta kipeuo cha pili. Namba −60 nayo ukiizidisha kwa yenyewe inatoa 3,600, lakini mwendo wa swali hili hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo unaiacha.

Jambo la pembeni: kabla breki hazijashika kuna muda dereva anashtuka na kusogeza mguu, na mita zinazopotea hapo zinawiana na v yenyewe, si v². Umbali wote ni jumla ya hizo mbili. Swali likikupa umbali wote bila kutenganisha, usilazimishe y = kx².

Kuna aina ya swali inayotokana na hii ambayo haikupi namba yoyote ila asilimia: mwendo ukiongezeka kwa asilimia 20, umbali wa breki unaongezeka kwa asilimia ngapi? Usihangaike kutafuta k. Mwendo mpya ni 1.2 ya ule wa zamani, 1.2 × 1.2 = 1.44, umbali umeongezeka kwa asilimia 44. Wanaojibu 20 au 40 wamekisia.

Bajaji, na uwiano wenye kianzio

Tuseme dereva wa bajaji ana bei ya kuanzia hata kama unashuka kona inayofuata, halafu anaongeza kwa kila kilometa. Kilometa 2 ni shilingi 2,000, kilometa 5 ni 3,500. Gawanya: 1,000 na 700. Hakuna uwiano wa moja kwa moja. Hapa mlinganyo ni y = a + kx, na unahitaji jozi mbili ili kupata herufi mbili.

2,000 = a + 2k
3,500 = a + 5k

Toa wa juu kwenye wa chini: 1,500 = 3k, k = 500. Rudisha: a = 2,000 − 1,000 = 1,000. Kilometa 8 zitakuwa 1,000 + 500 × 8 = 5,000. Ukiweka LUKU, springi na bajaji pamoja utaona ni swali moja lililobadilisha nguo.

Kwenye grafu tofauti yake inaonekana bila kukokotoa. Uwiano wa moja kwa moja wa y na x ni mstari ulionyooka unaopita kwenye (0, 0), na mteremko wake ni k. Bajaji nayo inatoa mstari ulionyooka, ila unaanzia 1,000 juu ya sifuri. Kunyooka peke yake hakutoshi. Na y = kx² haitoi mstari ulionyooka kabisa, unapinda kwenda juu; ukitaka unyooke, chora y dhidi ya x².

Angalia na upande wa pili: ukiona kimoja kinapanda na kingine kinashuka, kama idadi ya wachumaji kahawa na siku za kumaliza shamba, huo ni uwiano kinyume. Hapo kisichobadilika ni zao la kuzidisha. Wachumaji 6 kwa siku 10 ni 60. Wachumaji 15 watamaliza kwa siku 4.

Vipimo vya k

k ina vipimo vyake, na ukibadilisha vipimo vya swali k nayo inabadilika. Ukikokotoa 0.006 ya breki kwa kilometa kwa saa, huwezi kuingiza mwendo wa mita kwa sekunde kwenye mlinganyo huohuo. Vivyo hivyo gramu na kilo, dakika na saa. Geuza kwanza, ndipo utafute k.

Wanaofanya biashara ya Namanga wanalijua jambo hili kwa namna nyingine. Shilingi za Tanzania unazopata zinawiana moja kwa moja na shilingi za Kenya ulizotoa, na k ni bei ya kubadilisha. Ila mbadilisha fedha ana k mbili, ya kununua na ya kuuza, na anaishi kwa tofauti yake. Swali likikupa bei zote mbili, soma nani anampa nani nini.

Mazoezi

Fanya kwenye karatasi kabla ya kushuka kwenye majibu.

1. p inawiana moja kwa moja na q, na p = 21 wakati q = 6. Tafuta p wakati q = 16, na q wakati p = 31.5.

2. Toka Moshi hadi Arusha ni takriban kilometa 80, na gari limetumia lita 7. Likiendelea kula mafuta hivyohivyo, kilometa 200 zitahitaji lita ngapi? Lita 28 zitalifikisha kilometa ngapi?

3. Uzito wa donge la chapati, kwa unene uleule, unawiana moja kwa moja na kipeo cha pili cha kipenyo. Chapati ya sentimeta 20 inatumia gramu 80 za unga uliokandwa. Ya sentimeta 25 itatumia gramu ngapi?

4. Tanki lilikuwa na lita 200 bomba lilipofunguliwa. Baada ya dakika 6 lina lita 350. Maji yakiendelea kuingia hivyohivyo, litakuwa na lita ngapi baada ya dakika 12? Je, maji yaliyomo yanawiana moja kwa moja na muda?

5. y inawiana moja kwa moja na x². x ikipungua kwa asilimia 10, y inapungua kwa asilimia ngapi?

6. y inawiana moja kwa moja na kipeuo cha pili cha x, na y = 12 wakati x = 9. Tafuta y wakati x = 25, na x wakati y = 28.

Majibu

La 1: k = 3.5; p = 56; q = 9.

La 2: k = 7/80, yaani lita kwa kilometa; lita 17.5; kilometa 320.

La 3: k = 80 ÷ 400 = 0.2, 0.2 × 625 = gramu 125. Ukipata 100 umesahau kipeo.

La 4: lita 500. Maji yaliyomo hayawiani na muda, kwa sababu dakika ya sifuri tayari kuna lita 200. Maji yaliyoongezeka ndiyo yanayowiana: 150 kwa dakika 6, k = 25, kwa hiyo 300 kwa dakika 12, jumlisha 200. Aliyejibu 700 arudi kwenye springi.

La 5: 0.9 × 0.9 = 0.81, kwa hiyo inapungua kwa asilimia 19.

La 6: 12 = k × 3, k = 4. Wakati x = 25, y = 4 × 5 = 20. Wakati y = 28, kipeuo cha pili cha x ni 7, kwa hiyo x = 49.